Nililifuata Sufuria, Nikarudi na Kitanda

Siku ile mie naikumbuka kwa mgongo, mwanangu. Kichwa kimeshasahau mengi, lakini mgongo haujasahau, na mpaka leo mvua ikitaka kunyesha unanitangazia kabla ya redio. Ndiyo siku niliyosukuma mkokoteni kutoka Tandika mpaka Yombo, juu yake kitanda na friji, kwenye mchanga ambao tairi likizama humo unalitafuta kwa jembe.

Nakuhadithia kwa sababu nimesikia umehamia Tegeta, nyumba ina vyumba mpaka mnapigiana simu kuitana kula, halafu umekaa unanuna kwamba huna makochi. Na lile kabati alilokuachia shangazi yako umelitoa nje linanyeshewa. Kaa basi, chai ipo.

Mie nililelewa Tandika na bibi yangu, Bi Somoe. Mama alinizaa akaondoka duniani, baba simjui hata kwa picha. Bibi naye akafariki wiki chache kabla sijaolewa, kwa hiyo niliolewa kimyakimya, bila ngoma, bila kicheni pati, bila hata kijiko. Alichoniachia ni kitu kimoja tu, sufuria. Usidhani ni sufuria la kupikia wali wa nyumbani. Hilo lilikuwa sufuria la shughuli, mtaa mzima ukiliita Tembo. Mbuzi alikuwa anaingia mzima na pembe zake na bado anapata nafasi ya kugeuka. Mfuniko wake ukianguka Tandika, watu wa Kigamboni wanaanua nguo wakidhani ni radi.

Mume wangu Hamisi alikuwa fundi baiskeli, kijana wa Masasi, mpole. Tulipanga chumba kimoja Yombo. Ndani mlikuwa na mkeka, ndoo na sie wawili. Ukikohoa, chumba kinakujibu. Hatukujali, mapenzi yalikuwa bado mapya. Tatizo lilianza tulipoletewa taarifa kwamba mama mkwe anakuja Jumapili kuona mwanawe anaishije. Alikuwa hajawahi kuniona, maana wakati wa ndoa mvua zilikata barabara ya kusini. Na nilishasikia kwamba hakufurahi, alitaka Hamisi aoe kwao. Nikajua akiingia akakuta mkeka na ndoo, atamchukua mwanawe arudi naye, kama mwenye duka anayefuata kitu alichouza kimakosa.

Sasa kule Kinondoni kulikuwa na familia inahama, wanauza makochi yao, mekundu, ya kuzama. Nilienda kuyaona, nikakalia moja, likanimeza mpaka kiunoni, nikatoka kwa kuvutwa mikono. Mwenyewe akaniahidi kunishikia mpaka Jumamosi. Hela sina. Nikamuwaza Tembo. Jamaa mmoja wa vyuma chakavu alishaniambia siku nikimpelekea analichukua palepale. Basi Ijumaa asubuhi nikajifunga khanga zangu, huyoo, Tandika kuchukua sufuria langu. Na lilikuwa langu kweli, mrithi ni mie peke yangu.

Ishu ni kwamba Tembo alikuwa hakaagi nyumbani. Anatoka arusini anaingia msibani, anatoka msibani anaingia kwenye unyago. Nikaanzia kwa Mama Chausiku, jirani wa bibi. Nikamwamkia, akaniitikia, akasema sufuria lilishaondoka, lipo kwa Mzee Mponda. Halafu akaniuliza tunaishije huko. Nikasema vizuri. Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa, akasema uani kwake ana friji, haligandishi tena, ila mlango unafunga na panya hawaingii, nikitaka nikachukue. Moyoni nikacheka. Friji bovu la nini, mie natafuta makochi? Nikamshukuru, nikamwambia chumba chetu hakina nafasi. Chumba kinachojibu kikohozi, mwanangu.

Mzee Mponda alikuwa seremala, Mmakonde, mkono wake ukigusa ubao, ubao unanyooka wenyewe. Akaniambia Tembo ameshapita, yupo kwa Bi Zuhura. Na yeye akaniuliza tunalala juu ya nini. Nilipobabaika akanionyesha kitanda cha mninga cha mwanawe aliyehamia Mtwara. Akasema, "Mjukuu wa Somoe, hiki wanalalia panya tu. Chukua." Nikaona ananidhalilisha. Mie nilalie kitanda cha mtoto wa watu? Nikaaga.

Huyo Bi Zuhura ndiye somo yangu, ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo. Nikamkuta uani anapika pilau ya arobaini ya kaka yake, na Tembo yupo juu ya mafiga anatoa moshi kama kiwanda cha saruji. Wanawake wameketi chini wanamenya vitunguu. Nikasalimia, nikakaa, nikajitahidi kuvumilia. Nikashindwa. Nikasema sufuria likishuka motoni naomba niondoke nalo, nimeshapata wa kulinunua.

Visu vikasimama.

Somo akauliza, "Unaliuza ununue nini, mwari wangu?"

"Makochi, somo. Mama mkwe anakuja keshokutwa."

Mmoja nyuma yangu akasema, "Tutayaazima siku ya shughuli, tupikie." Wakacheka wote. Somo hakucheka, na mwiko wake haukuacha kugeuza.

"Bibi yako tulipomzika, watu walikula kilichopikwa kwenye nini?"

"Kwenye Tembo."

"Mchele ulitoa wewe?"

"Hapana."

"Kuni alileta nani?"

"Sijui, somo. Mie nilikuwa ndani nalia."

"Ulikuwa unalia, na ndivyo inavyotakiwa. Sie tukapika. Bibi yako alituazima sufuria hili toka wewe hujazaliwa, ndiyo maana siku yake hakuna aliyeitwa, tulikuja wenyewe. Liuze ukitaka, ni lako. Ila siku na wewe yatakapokufika, uyaambie hayo makochi yaje kukupikia."

Nashukuru kulikuwa na moshi, maana kila mtu aliona machozi yangu ni ya kuni. Pilau ilipoiva nikapewa sahani. Ya kwanza nilikula kwa aibu, ya pili kwa njaa. Sikulitaja tena sufuria na wao hawakulitaja. Nilipoaga, somo akanipa mbuzi yake ya zamani ya kukunia nazi, ambayo meno yake yalikuwa yamebaki machache kuliko yangu ya leo. Safari hii nikapokea kwa mikono miwili.

Nikarudi njia ileile. Mzee Mponda nilimkuta amekaa juu ya kile kitanda, akaniambia alikuwa ananisubiri, maana hajaona mtu mwenye akili aliyekataa mninga mara mbili. Kabla hajanipa tukakichemshia maji, tukamwaga kwenye maungio yote, tukakianika. Alisema kunguni hana adabu, anahama na mtu bila kuaga. Kwa Mama Chausiku nikaomba lile friji kwa sauti ndogo. Hata hakunisema. Alikuwa ameshalifuta vumbi. Nikaazima mkokoteni, nikaanza kusukuma.

Hamisi aliporudi jioni, akafungua mlango, akaona kitanda, akaona friji, akasema samahani jamani nimekosea chumba, akafunga akatoka. Ilibidi nimfuate barabarani.

Jumapili mama mkwe akaja na kuku na mfuko wa korosho. Mwanamke mfupi, ila akikutazama unajiona wewe ndiye mfupi. Akakaa kitandani, akakipiga kwa kiganja. "Mninga huu. Mmenunua wapi?" Nikamwambia habari za Mzee Mponda. Akafungua friji akitegemea maji ya baridi, akakuta unga, chumvi na khanga zangu nimezikunja. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamweleza ya Mama Chausiku. Akaiona mbuzi, nikamweleza ya somo, na kwenye somo sufuria nalo likaingia, nikajikuta nimesema mpaka la kutaka kuuza. Nikangoja hukumu.

Akasema, "Mwanangu, mie niliambiwa Hamisi kaoa mtoto asiye na watu. Umaskini sikuuogopa, hata sie maskini. Hilo la kukosa watu ndilo lililokuwa linaninyima usingizi."

Akaangalia kitanda, friji, mbuzi, kimoja baada ya kingine, kama anavisalimia.

"Na hilo sufuria liko wapi sasa?"

"Hata sijui, mama. Labda limeshatoka kwa somo."

"Basi likipatikana usimpe mtu. Mdogo wake Hamisi anaolewa Mbagala mwezi wa nane."

Hivyo ndivyo alivyonikubali, mwanangu. Makochi ya Kinondoni sijui yalimmeza nani.

Sasa sikia. Ukipata cha mtumba, kikague kwanza: mwaga maji ya moto, anika juani, tikisa miguu. Aibu haihusiki hapo, ni usafi tu. Mtu akikupa chake cha zamani kwa roho safi, pokea, na ukumbuke jina lake, maana mgeni akiuliza ndiyo utakuwa na la kumweleza. Cha urithi usikiuze kabla hujauliza nani mwingine anakitegemea. Na ukiwa nacho, azimisha. Kitapata mikwaruzo, kitarudi na masizi, mfuniko utaletwa wiki ya pili yake. Vumilia. Makochi nunua ukijaaliwa, hakuna aliyekukataza, ila leo ukifika Tegeta anza kuingiza ndani lile kabati, mvua inakuja, mgongo umeshaniambia.

Mungu aijaze nyumba yako watu kabla hajaijaza vitu, na siku ya furaha au ya kilio pasiwe na haja ya wewe kuita mtu. Tembo mwenyewe hayupo, wamemchukua juzi kwenye arusi Mbweni. Ukipita huko umwone, angalia kama mfuniko upo.