Magunia ya Mkonge Kwenye Milango ya Pijo

Enzi zetu, ninyi mliokulia Chumbageni mtaniunga mkono, mlango wa gari ulikuwa na heshima kuliko mtoto. Foleni za sabuni zilitumalizia asubuhi, rangi ya gari haikuonekana dukani hata kwa kujuana, na baba yangu, karani wa bandarini, alikuwa na Pijo la bluu alilolipenda kupita kiasi. Mlango ukibonyea, mwingine angeutoa wapi?

Basi akashona magunia ya mkonge kwa sindano kubwa, akaivalisha milango yote minne, kamba zikipitia madirishani. Mji ule ulijaa baiskeli, na kila mgeni aliegemeza yake popote penye kivuli. Harufu ya magunia yale mvua ikinyesha naisikia hadi leo. Rede tulikwenda kucheza kwa jirani, maana uani kwetu Pijo ndilo lililotawala, ubavu mmoja umebanwa na ukuta. Mgeni akiteremka, baba mwenyewe alimshikia mlango, utadhani anateremsha bibi harusi.

Siku moja akafunua gunia la upande wa uani, akakuta mchubuko mrefu chini ya kitasa. Nyumba nzima mwenye baiskeli nilikuwa mimi.

"Zuhura, umenikwaruzia gari," akasema.

Nikaapa sikuligusa. Hakutaka kunisikiliza. Baiskeli yangu, niliyoachiwa na marehemu babu, ikafungiwa stoo, na mwaka mzima nikaitwa mharibifu mbele za wageni. Niliumia sana, na sioni haya kusema kwamba nilimchukia.

Enzi ya Ruksa ilipokuja, biashara ikaachiwa huru na maduka yakaanza kujaa, dada yangu Mwanaidi akaolewa Muheza. Pijo ndilo la kumpeleka, kwa hiyo magunia yakafumuliwa. Milango yote ilikuwa imechubuka, mingine imetoboka kwa kutu. Mchanga na chumvi ya pwani vilijikusanya chini ya magunia yenye unyevu, na kila gari lilipotikisika vilisugua kama msasa. Hata mlango wa upande wa ukutani, ambako kuku hapenyi, ulikuwa na mchubuko pacha wa ule niliosingiziwa.

"Baba Mwanaidi, mtoto umemwonea," mama akasema.

Baba akakohoa, akaenda kutafuta rangi. Baiskeli ilitolewa siku hiyohiyo, matairi yameoza. Samahani sikuisikia, na mpaka tunamzika sikuisikia.

Sasa nina gari langu. Juzi pale Usagara kijana mmoja, simu sikioni, alifungua mlango wake kwa nguvu ukabonyeza wangu.

"Shikamoo mama," akasema. "Hilo bati tu, fundi atalinyoosha."

Akaenda zake. Siku hizi rangi imejaa madukani, na vijana hawaoni cha kutunza. Hasira zikanitoa machozi. Mwanangu akaniuliza mbona nalilia bati. Nikamwambia bati fundi atalinyoosha kweli. Samahani ndiyo naingoja tangu nina miaka kumi.