Neno la Mama Kwenye Rufaa ya Hataza

Mkaguzi wa hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, huko ng'ambo aliandika kwamba programu yangu ni jambo la wazi, fundi yeyote angeibuni. Nilicheka kwa hasira. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu hudai alijua jibu.

Programu ile ilizaliwa mtaani kwetu, Nguba. Mama anauza maharage yanayotoka Nyangezi, na wanaomtumia mizigo hawana vocha, wanabipu tu. Programu inapima simu imeita kwa muda gani kabla ya kukatwa, na kwa muda waliokubaliana inajua mzigo gani umefika na upi umepungua, bila mtu kupokea. Mkaguzi akasema kubipu kunajulikana, kupima muda kunajulikana, kuviunganisha si uvumbuzi. Chumvi na sombe, majani ya muhogo, navyo vinajulikana. Aje basi atupikie.

Nikakata rufaa. Kampuni ya simu iliyonifukuza mlangoni nilipoipelekea programu hiyo ilikuwa tayari inaitumia kazi yangu, na nikishindwa hakuna ambaye angejua kwamba ni yangu. Wakili akashauri mama atoe ushahidi kwa video, aeleze jinsi wafanyabiashara walivyohangaika miaka na miaka bila yeyote kupata dawa.

Mama alivaa kitenge chake cha misa. Alieleza vizuri sana, mkalimani akatafsiri, nami nikaanza kupumua. Kisha mwenyekiti wa jopo lililosikiliza rufaa, mtu wa adabu, akamwambia kwamba mwanawe amefanya kazi kubwa.

Kwetu, mtu akimsifu mtoto wako, hutakiwi kukubali. Unaishusha sifa, watu wasiseme unajivuna. Nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo, na sikuwa na ruhusa ya kumkatiza.

"Ah, papa, haiko kitu," mama akasema, ameinamisha kichwa. "Iko kakazi kadogo tu. Hata mutoto angeweza kuifanya."

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno.

Rufaa ilitupwa. Katika uamuzi wao walimnukuu: hata mtumiaji wa kwanza amekiri kwamba mtoto angeweza. Niliusoma nikiwa jikoni kwake. Ningemkasirikia nani? Mkaguzi hanijui, na mama alinilea kwa adabu ileile.

Sijamwambia kwamba maneno yake ndiyo yaliyotuangusha, ila tu kwamba yaliandikwa. Amewaeleza majirani wote kwamba wazungu walimsikiliza mpaka wakaandika maneno yake.

"Nilikusaidia?" akaniuliza juzi, akichambua maharage.

"Sana, maman."

Akatabasamu, akainamisha kichwa.

"Haiko kitu," akasema.