Zamu Zote za Maji Niliziweka Jumatatu

Kosa ni langu, si la kompyuta. Nimeisingizia miaka mingi, sasa inatosha.

Wakati ule mashamba ya mkonge yalikuwa yamepunguza watu, nami nikiwemo. Nikapata kibarua cha kuchapa kwenye ofisi moja pale Same. Kompyuta nilikuwa na miezi mitatu nayo, ila kwa mdomo nilikuwa profesa.

Mjomba wangu akashuka kutoka Chome na daftari. Yeye ndiye alikuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na kikao kilikuwa kimepanga zamu upya. Kila familia ilikuwa na ukurasa wake. Kichwa cha ukurasa hakikuwa jina, ni alama wanayoichoma kwenye mpini wa jembe: nyota, jua, mwezi, kinu. Hata asiyesoma ajione.

Nikachapa, alama zikatoka vizuri. Kisha nikaihamishia kazi kwenye programu mpya itengeneze orodha ya kubandika: alama na siku. Programu ile hukipa kila kichwa jina la siri kutokana na herufi zake, ndipo ijue pa kuchota siku. Alama zetu haikuzitambua. Kwenye jina hilo ikazitupa, ikavipa vichwa vyote jina moja, na siku zote ikazichota ukurasa wa kwanza, wa Jumatatu. Likatokea onyo la Kiingereza, nikalibonyeza likaondoka.

Orodha ikatoka Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, mpaka chini. Niliona, jamani! Lakini gari la Chome la kupeleka karatasi lilikuwa linapiga honi, na mjomba alikuwa njiani kwenda hospitali kutibiwa macho.

"Mwanangu, umekagua?"

"Nimekagua, Mjomba."

Akaniachia daftari nilitunze.

Kwetu karatasi iliyopigwa chapa haibishiwi. Jumatatu familia zote zikafika na majembe, ndiva ikakauka kabla ya saa nne. Siku nyingine hakuna aliyethubutu kuizibua, ikajaa, maji yakamwagikia korongoni. Ikawa hivyo majuma mawili. Mjane mwenye nyota, ambaye zamu yake ilikuwa Alhamisi, maharage yake yalinyaukia kwenye maua. Ndiyo chakula alichokuwa akikitegemea na wanawe.

Mjomba aliporudi akaitwa kikaoni. Nami nikapanda na daftari kwapani, nikijua nitasema kweli. Angetaja tu kwamba daftari lenye zamu sahihi ninalo mimi niliyechapa, angenusurika. Akasimama.

"Nimekosea mimi."

Wakamvua kazi aliyoishika tangu ujana wake. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikanyamaza. Aibu yake naisikia mpaka leo.

Amekufa hajaniuliza. Daftari ninalo.

Nyie mnaochapa kazi za watu, ukiulizwa kama umekagua na hujakagua, sema bado. Gari litasubiri.