Bunduki ya Hatua Sitini

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu wa Woolwich, mama wa Kipemba mwenye kibali cha kuwinda paa, kununua bunduki ya mtumba. Muuzaji alizungumza na mimi tu, labda kwa sababu ya ndevu zangu. Akasifia moja ndefu. "Hii inampata paa mita mia tatu."

Mama akachukua fupi iliyochubuka kitako. Akatazama kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani, akafumba macho, akaipandisha begani, akafumbua. Mtutu ulikuwa umeelekea katikati ya macho ya paa.

"Mwambie huyo mwenzio," akaniambia, "mie napiga kwa hatua sitini, nikishasoma bismillahi."

Muuzaji akaijaribu ile ndefu vivyo hivyo. Alipofumbua macho, alikuwa ameilenga taa.

Kuanzia hapo alizungumza na mama. Mimi nilishika mkoba wake.