Hedifoni Nilizojaribu Kwenye Mashine ya Posho

Hili sikukusudia mtu alijue: hedifoni ninazotafuta si za muziki wa safarini. Ni za kutomsikia Shangazi.

Jumamosi nahamia kwake Mbale, na yeye hukemea mapepo kila alfajiri kwa sauti ya kuamsha mlima mzima wa Wanale. Ndiye atakayenilipia chuo, kwa hiyo nampenda sana.

Leo hapa mtaani kwetu Walukuba muuzaji ameniapia kwamba zake zinaua kelele zote, tena kwa bei rahisi.

"Dada, usiniamini mimi. Twende pale kwenye mashine ya posho ujaribu."

Mashine ilikuwa inasaga mahindi huku inanguruma. Nikavaa, nikabonyeza kitufe.

Kimya. Kimya cha mbinguni!

Nikapaza sauti ili muuzaji anisikie: "Hata Shangazi akemee mapepo mpaka mchana, simsikii!"

Nikazivua.

Umeme ulikuwa umekatika.

Foleni nzima ya akina mama wenye mabeseni ya mahindi ilikuwa inanitazama. Mimi, ambaye darasani nilikuwa naitikia "nipo" kwa kunong'ona.

"Shangazi yule wa Mbale?" akauliza Mama Babirye, jirani yetu. "Wacha nimpigie, nimsalimie."

Muuzaji naye, bila aibu: "Umeona zinavyofanya kazi?"

Nikazinunua. Ningefanya nini, nisubiri umeme mbele ya foleni ile?

Anayejua hedifoni za bei nafuu zinazozuia kelele kweli aniambie.

Mama Babirye amekubali kunyamaza, baada ya mimi kumbebea mahindi hadi mashine ya dizeli kule Masese.

Ninyi niwabebee nini ili Shangazi asijue?