Papai la Mama Mkwe

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi saba, giza lilianza kuniingilia mapema kuliko wenzangu. Majirani wako uani wanapukuchua mahindi na kucheka, mimi nyuso zao zimeshafutika. Mama mkwe alikuwa akinisemesha kutoka hatua mbili, nami nageuka huku na huku natafuta sauti inakotoka. Asubuhi macho yanarudi, mazima kabisa.

Tuliishi wawili tu, upande wa Didia. Mume wangu alikuwa Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akichimba dhahabu ambayo rangi yake sijaiona mpaka leo. Kiangazi kile tulikula ugali na michembe, vile viazi vyeupe vya kukausha, asubuhi na jioni. Tulikuwa tunashiba, basi nani alijali kingine?

Niliogopa sana. Kwetu mjamzito asipoona jioni, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza nani kamfanyia. Na jibu walikuwa nalo, kwa sababu mama mkwe alikuwa na macho mekundu, ambayo kwetu ndiyo alama ya mchawi. Kapikia moto wa kinyesi cha ng'ombe tangu aolewe, kwa moshi ule macho yangebakije meupe? Jirani yetu, mzee wa makamo ambaye shamba lake limepakana na letu, naye letu alilimezea mate siku nyingi, alinikuta kisimani akaniambia taratibu, "Macho yako yamechukuliwa, binti. Na aliyeyachukua unakula naye sahani moja."

Nitasema ukweli ingawa unanitia aibu: nilimwamini nusu.

Kliniki nilisindikizwa na mama mkwe huyohuyo. Nesi aliniangalia macho, akauliza ninakula nini, akaguna. Alisema nimepungukiwa vitamini A, na mtoto tumboni anaihitaji pia. Vidonge vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo tuanze na chakula wakati tunavisubiri. Papai, alisema, lililoiva, si bichi. Ile rangi ya chungwa iliyo ndani ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini yenyewe. Nile pamoja na karanga, maana bila mafuta kidogo nyingi inapita bure. Lina vitamini C vilevile. Mama mkwe, ambaye hakusoma hata darasa moja, alimrudisha nesi nyuma mara mbili mpaka akashika kila neno.

Kesho yake alikwenda gulioni kwa miguu, akarudi na papai kichwani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijijini kila mtu anajua papai linatoa mimba, na hakuna anayeuliza kama ni bichi au limeiva. Kufika jioni, habari ilikuwa imezagaa: yule bibi amemaliza macho ya mkwewe, sasa anataka kilichomo tumboni. Mabibi waliwahi kukatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo, na sote tulilijua hilo.

Papai la kwanza niliwatupia kuku. La pili, nilimkuta mama mkwe nyuma ya jiko anakwangua maganda kwa meno. Nyama yote alikuwa ameniwekea mimi. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, nikala. Tangu hapo nikala kila siku.

Wiki ya tatu, jua limeshazama, niliinua kichwa nikaona kamba ya nguo. Nikaona kuku. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha nikamwona jirani. Amesimama kwenye pengo la uzio wa minyaa, panga mkononi, ananitazama usoni wala hajifichi. Ajifiche ya nini, na anajua sioni? Nyasi aliposimama zilikuwa zimekanyagwa mpaka udongo umetokeza. Mama mkwe alikuwa amempa mgongo, anatoa mbegu za papai.

"Shikamoo, baba," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali.

Jirani akasogea kushoto, nikamfuata kwa macho. Akarudi kulia, nikamfuata.

"Unaniona?"

"Nakuona. Na panga naliona."

Akageuka, akaenda zake taratibu. Mama mkwe hakugeuka kumtazama. Alikata kipande, akakiweka kwenye sahani, akanisogezea pamoja na karanga.

"Mimi namwona kila jioni tangu mwezi jana," akasema. "Kula, mwanangu."