Krenki ya Lori la Mzee Bashir

Mwaka wa 1957, kama ulikuwa na gari bovu hapa Nakuru na hukutaka kutukanwa, ulilipeleka kwa fundi mwingine. Hemed alikutukana kwanza, kisha ndipo akalitengeneza. Alikuwa kijana mrefu wa Bondeni, ovaroli yake safi kuliko kanzu za watu, na aliamini kwamba Mungu ameumba mikono ya aina mbili: ya Hemed, na hiyo mingine.

Mikono yake ilisifika kwa kusawazisha krenki, yaani kile chuma kilichopindapinda tumboni mwa injini, kinachozungushwa na pistoni. Upande mmoja ukizidi uzito kidogo tu, injini hutetemeka mpaka meno ya dereva yagongane. Mafundi wengine waliifunga krenki kama walivyoikuta, mengine wakamwachia Mungu. Hemed alisimamisha bapa mbili za chuma, akazinyoosha kwa pimamaji, akailaza krenki juu yake, akaiachia. Upande mzito ukajigeuza wenyewe ukaenda chini. Akaupunguza kwa tupa, akailaza tena, akangoja, akapunguza. Muda wote huo hukuruhusiwa kukohoa. Krenki ilipokubali kutulia popote alipoiachia, alitabasamu kama mtu aliyeiumba yeye.

Basi bwana huyu asiyevumilia uzito wa unyoya alimpenda rafiki yangu Khamisa, binti wa Mzee Bashir mwenye duka.

Mzee Bashir mlimjua hata kama hamkumjua. Msikitini safu ya mbele, tasbihi mkononi, salamu ndefu. Ratili yake ya sukari tu ndiyo iliyokuwa na tabia ya kupungua njiani. Ulinunua ratili, ukafika nyumbani na kitu kinachofanana nayo. Hatukusema neno, kwa sababu alikuwa mtu mzima, na kwa sababu alituibia kwa upole sana.

Wajomba wa Hemed walipokwenda kuposa, Mzee aliwanywesha kahawa na kuwaeleza shida yake. Lori lake la kuleta mbao na viazi kutoka Elburgon lilikuwa limekufa injini. Kijana wao alifufue. Likienda Elburgon na kurudi bila kutetemeka, Khamisa ni wake. Likitetemeka, kuna mtu Naivasha amekwisha kuuliza, naye ana duka lake mwenyewe. Wajomba walirudi wakisema mambo yamekwisha, maana ni nani asiyeijua mikono ya Hemed.

Krenki ya lori hilo aliisawazisha mpaka tukachoka kusimuliwa. Zikabaki pistoni nne, nazo sharti zilingane uzito. Kwa kawaida alizipima kwa sonara. Mzee akanuna kusikia hivyo. Chuma chake kipimwe kwa watu, naye ana mizani? Hemed, ambaye angemkosoa hata malaika, kwa mkwe alikuwa na adabu za bibi harusi. Akazibeba pistoni hadi dukani. Jiwe la mizani dogo la kutosha halikuwapo, kwa hiyo pistoni ya kwanza akaiweka kwenye sahani ya mawe, na zile nyingine akazipima moja moja kwenye sahani ya sukari. Kila moja ilionekana imezidi. Akazipiga tupa mpaka mizani ikanyooka, akamshukuru Mzee kwa msaada.

Lori lilifika Njoro likitetemeka kama mwenye homa. Halikufika Elburgon. Mzee Bashir alisimama kibarazani akasikitika kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akaulizia afya ya yule mtu wa Naivasha.

Hemed aliifungua injini yote. Krenki ilikuwa sawa. Akailaza kwenye bapa zake, ikatulia. Akaanza kuitazama mikono yake kwa namna ambayo, nasema kweli, ilinitia huruma, nami si mtu wa huruma.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alikuja dukani na pistoni zake ndani ya gunia. Mimi nilikuwa hapo na mama mmoja wa Kiambogo, jina lake Wangu, aliyekuja kununua sukari. Khamisa ndiye aliyeshika duka. Hemed akapima, mizani ikanyooka kama mara ya kwanza. Khamisa akasema polepole, "Badilisha sahani."

Akabadilisha. Pistoni ya kwanza, sasa ikiwa kwenye sahani ya sukari, ikazama moja kwa moja. Hemed akainua sahani ya sukari, akaitazama chini yake. Palikuwa na bonge la nta, limekaa vizuri, limeshika vumbi la miaka. Wangu akaliona, nami nikaliona. Hapo hapo Mzee Bashir akaingia na watu wawili watatu kutoka msikitini.

Mzee akauliza kama fundi ameshajua lori lina nini. Wangu alikaza kibahasha chake cha sukari. Khamisa hakumtazama baba yake, alimtazama Hemed.

Hemed akairudisha sahani mahali pake. "Mkono wangu ndio uliokosea, Mzee."

Nilitamani kumtandika na hiyo pistoni. Mzee alimsamehe mbele ya watu wote, kwa ukarimu mkubwa, akasema vijana hujifunza kwa makosa, akamwachia ajaribu tena. Kisha akampimia mteja aliyefuata. Wangu alitoka bila kuaga.

Pistoni ya kwanza ikapigwa tupa mpaka ikalingana na wenzake, safari hii kwa sonara. Lori likapanda Elburgon kimya, likarudi na mbao. Arusi ikafanyika, pilau ikaliwa, na mikono ya Hemed ikasifiwa na wote, hasa na Hemed.

Haya ya mwisho aliniambia Khamisa mwenyewe. Hawajamaliza hata mwezi, mumewe alikuwa akimsimulia tena jinsi krenki inavyomwambia hata uzito wa unyoya. Khamisa akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba yule wa Naivasha hakukataliwa na baba, aliyemkataa ni yeye Khamisa, tena kwa machozi. Tangu utoto alikuwa akingoja mtu wa kulisema lile jambo la mizani mbele ya kaunta ile, akadhani mtu mwenyewe ni fundi asiyestahimili kitu kilichopinda.

Hemed akasema alinyamaza ili ampate.

"Umenipata," Khamisa akamjibu, akaenda kuosha vyombo.